Barabara zinazopozwa kwa upepo ili zisididimie

MHANDISI wa barabara katika nchi za joto huomba jua liwake. Mawingu yakitanda hushikwa na wasiwasi, maana mvua ndiyo adui wa tuta lake. Lakini yupo mhandisi mwingine, mbali kaskazini mwa dunia na juu ya milima ya Asia, ambaye adui wake ni jua lenyewe. Huyu huchimba tuta la barabara na kulipitisha mabomba matupu kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kwa makusudi, ili upepo wa kipupwe upenye ndani na kuligandisha.

Hana wazimu. Anachokilinda hakiko juu ya tuta bali chini yake.

Katika maeneo hayo ardhi huganda na kubaki imeganda mwaka hadi mwaka. Wataalamu huiita pamafrosti, na kipimo chao ni kimoja: udongo au mwamba uliokaa katika nyuzi sufuri za Sentigredi au chini ya hapo kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo. Takribani robo ya nchi kavu katika nusu ya kaskazini ya dunia imo katika ukanda ambamo ardhi hii hupatikana. Ukanda huo unajumuisha Siberia, Alaska, kaskazini mwa Kanada, sehemu za Mongolia na uwanda wa juu wa Tibet nchini Uchina.

Tabaka la juu kabisa la ardhi hiyo huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena baridi inaporejea. Tabaka hilo halina siri. Hatari imo katika lile lililo chini yake, kwani mara nyingi barafu iliyomo haikujaza tu nafasi ndogondogo baina ya chembe za udongo, bali imejikusanya kama vipande na mapande mazima. Barafu ya namna hiyo ikiyeyuka, maji huenda zake na udongo hubaki bila kitu cha kuushikilia. Pande la barafu lenye unene wa mita 1 likitoweka, barabara iliyo juu yake hushuka karibu mita hiyo nzima. Na kwa kuwa barafu haikutawanyika sawasawa ardhini, barabara nayo haishuki sawasawa: hapa inabonyea, pale inapasuka, kule upande mmoja unalala na mwingine unabaki umesimama. Msomaji anayeishi penye udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, hahitaji kuelezwa barabara iliyolazwa juu ya ardhi isiyotulia huwa na sura gani.

Waliojifunza somo hili kwa uchungu mkubwa ni wanajeshi wa Marekani mnamo mwaka wa 1942. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto katika bahari ya Pasifiki, serikali ya Marekani iliamua kujenga barabara ya kuiunganisha Alaska na majimbo mengine kupitia Kanada. Zaidi ya wanajeshi 10,000 walitumwa, na takribani theluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi waliohudumu katika vikosi vilivyotengwa kwa misingi ya rangi. Kazi ilianza mwezi Machi, na kabla ya mwaka kwisha njia ya zaidi ya kilomita 2,500 ilikuwa imefunguliwa.

Mwanzoni wajenzi hao walifanya kile ambacho mjenzi yeyote angefanya. Walikwangua kuvumwani na mimea iliyofunika ardhi, wakitarajia kufikia udongo mgumu. Waliupata, lakini haukukaa. Jua lilipoupiga, udongo ule uliokuwa mgumu kama saruji uligeuka kuwa uji, na matingatinga yakazama ndani yake. Hatimaye walitambua kwamba ile kuvumwani waliyokuwa wakiitupa ndiyo iliyokuwa blanketi ya barafu. Ikawabidi kuiacha mahali pake, kulaza magogo juu yake na kumwaga kifusi juu ya magogo hayo. Barabara ya Alaska inatumika hadi leo, na katika jimbo la Yukon, hasa kandokando ya kijiji cha Beaver Creek karibu na mpaka wa Alaska, ingali ikibonyea na kupasuka juu ya barafu hiyohiyo.

Ili kuelewa ni kwa nini barabara huyeyusha ardhi iliyo chini yake, yafaa kulitazama tuta kama duka lenye daftari la hesabu. Kiangazi huingiza joto, kipupwe hulitoa. Mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu hesabu hiyo imekuwa ikilingana kwa maelfu ya miaka, au kipupwe kimekuwa kikitoa zaidi ya kinachoingia, na ndiyo sababu barafu ikadumu. Tuta linapojengwa daftari huvurugika. Lami nyeusi hufyonza miale ya jua kuliko nyasi, tena huziba unyevu ambao ungepaa na kuondoka na joto lake. Mbavu za tuta nazo hukinga theluji inayosukumwa na upepo. Mtu asiyeizoea theluji hudhani kwamba huongeza baridi, kumbe ikishajilundika huwa kama pamba: huzuia baridi ya kipupwe isifike ardhini, na joto lililoingia wakati wa kiangazi likakosa pa kutokea. Maji yanayotuama chini ya tuta yanamalizia kazi. Aidha, ubavu unaotazama kusini, ambako ndiko jua liliko kwa watu wa kaskazini, hupata joto zaidi ya ubavu wa pili, ndipo mipasuko mirefu ikatokea kufuata urefu wa barabara.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Ardhi iliyo katika nyuzi 5 chini ya sufuri na iliyo katika nusu nyuzi chini ya sufuri zote huitwa ardhi iliyoganda, lakini uimara wake haulingani. Iliyokaribia sufuri tayari ina maji membamba kati ya chembe zake, na ikielemewa na uzito huteleza polepole hata kabla haijayeyuka. Kwa hiyo shabaha ya mhandisi si kuizuia barafu isiyeyuke tu. Anataka kuishusha joto zaidi ya ilivyokuwa, ili apate akiba.

Hapo ndipo uwanda wa Tibet unapoingia katika hadithi hii. Barabara kuu ya kutoka mkoa wa Qinghai hadi Lhasa ilifunguliwa mwaka wa 1954, na baadaye ikatiwa lami. Wakati huo tiba iliyojulikana ilikuwa moja: kuongeza kimo cha tuta. Ilidhaniwa kwamba udongo mwingi ungekuwa kinga, na joto la jua lingechoka kabla ya kuifikia barafu. Wakati mwingine tabaka la plastiki ya kuzuia joto lilitandazwa ndani ya tuta kwa nia hiyohiyo. Mbinu hizo huchelewesha maafa, haziyaondoi. Kinga inayozuia joto lisiingie wakati wa kiangazi ndiyo hiyohiyo inayolizuia lisitoke wakati wa kipupwe, na tuta likiwa refu sana mbavu zake zinazoota jua nazo huwa kubwa. Kufikia miaka ya 1990, takribani theluthi moja ya sehemu ya barabara hiyo iliyo juu ya pamafrosti ilikuwa na maharibiko.

Wachina walipoazimia kujenga reli katika njia hiyohiyo, swali halikuwa dogo. Reli haisamehe kama barabara. Gari laweza kupunguza mwendo na kulikwepa bonde. Gari la moshi haliwezi. Kipande cha kutoka Golmud hadi Lhasa kina urefu wa kilomita 1,142, na kilomita zipatazo 550 ziko juu ya pamafrosti. Karibu nusu ya pamafrosti hiyo ina joto lisilofika hata nyuzi 1 chini ya sufuri. Kwa maneno mengine, ni barafu iliyokaa mlangoni, inasubiri kisingizio tu.

Mtaalamu Cheng Guodong, wa taasisi ya utafiti wa ardhi iliyoganda iliyoko katika mji wa Lanzhou, alitetea wazo lililogeuza mambo juu chini. Alisema kwamba kujikinga na joto hakutoshi na kwamba tuta lenyewe ligeuzwe kuwa chombo cha kupoza. Joto husafiri kwa njia tatu, na kila moja inaweza kuchezewa. Laweza kuja kwa miale, nayo huzuiwa kwa kivuli. Laweza kupita ndani ya vitu vigumu, kama linavyopanda katika mpini wa kijiko kilichomo chunguni. Tena laweza kubebwa na hewa inayotembea, na hii ndiyo njia iliyozaa tuta lenye mapafu.

Tuta hilo hujengwa hivi. Mabomba ya saruji au ya plastiki, mathalan yenye kipenyo cha sentimita 40 hivi, hulazwa kukingama barabara, moja baada ya jingine, karibu na kitako cha tuta lakini juu kidogo ya ardhi ya asili. Ncha zote mbili huachwa wazi na kutokeza nje ya mbavu ili mchanga na theluji visizizibe kwa urahisi. Kisha kifusi humwagwa juu na ujenzi huendelea kama kawaida. Hakuna mashine wala umeme. Msimu wa baridi unapofika, upepo mkali wa uwanda huo huingia upande mmoja ukiwa na baridi kali, hufyonza joto la udongo unaolizunguka bomba, na kutokea upande wa pili ukiwa na joto kidogo zaidi. Kila dakika, usiku na mchana, kwa miezi ya baridi ambayo huko ni mingi kuliko ya joto, joto hubebwa nje.

Msomaji makini atauliza: je, wakati wa kiangazi upepo wa joto hauingii vilevile? Naam, unaingia, na hilo ndilo dosari la mbinu hii. Inachoiokoa ni kwamba katika uwanda wa Tibet wastani wa joto la hewa kwa mwaka uko nyuzi kadhaa chini ya sufuri, na upepo wa majira ya baridi ndio wenye nguvu zaidi. Hesabu ya mwaka mzima ikifungwa, kilichotoka huzidi kilichoingia. Hata hivyo ni hasara kulirudisha joto kwa mkono mmoja baada ya kulitoa kwa mwingine, hivyo basi watafiti wakabuni vilango vinavyofungwa kwenye midomo ya mabomba. Vilango hivyo huitikia joto la hewa vyenyewe: hewa ikipoa hufunguka, ikipata joto kupita kiwango kilichowekwa hujifunga. Majaribio yaliyofanywa mahali paitwapo Beiluhe, kwenye njia ya reli hiyo, yalionyesha kwamba tuta lenye vilango hupoa kuliko lile lililoachwa wazi mwaka mzima.

Mbinu ya pili ya kutumia hewa inashangaza zaidi kwa wepesi wake, kwani haina bomba wala kilango. Ni mawe. Mwamba hupasuliwa vipande vikubwa, aghalabu vya sentimita 20 hadi 30, na kutandazwa chini ya tuta katika tabaka la mita 1 hivi. Mawe madogo na vumbi huchujwa na kutupwa ili nafasi kubwa za hewa zibaki kati ya jiwe na jiwe. Kipupwe kinapofika, hewa iliyo juu ya tabaka hilo hupoa na kuwa nzito, wakati iliyo chini, karibu na ardhi, ina joto na ni nyepesi. Nzito hushuka, nyepesi hupanda, mzunguko ukaanza, na joto la ardhini likapandishwa juu bila kukoma. Kiangazi hali hugeuka: hewa ya joto iko juu, ya baridi iko chini, na kila moja inakaa mahali inapopapenda. Hakuna mzunguko. Hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto, kama ilivyo ndani ya blanketi. Kwa hiyo tabaka lilelile ni mlango wazi wakati wa baridi na mlango uliofungwa wakati wa joto, na halikuhitaji mtu wa kulishika komeo.

Utafiti kuhusu tuta la mawe ulifanywa pia Alaska tangu miaka ya 1990 na Douglas Goering wa Chuo Kikuu cha Alaska mjini Fairbanks. Katika reli ya Tibet mawe ndiyo yaliyotumika kwa wingi, mabomba yakawa machache, kwa sababu milima yenye mwamba ilikuwa karibu na mawe hayana kitu cha kuvunjika. Mahali palipokuwa pabaya mno wahandisi hawakubishana na barafu hata kidogo. Waliipandisha reli juu ya madaraja yasiyo na mto chini yake, mojawapo likiwa lile la Qingshuihe lenye urefu wa karibu kilomita 12. Daraja huachia upepo upite chini na huitia ardhi kivuli, lakini gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya tuta. Reli ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2006, na mwendo wa magari ya moshi juu ya sehemu zenye pamafrosti uliwekwa kuwa kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao hakuna mtu angethubutu kuuruhusu juu ya reli inayoyumba.

Kandokando ya reli hiyo abiria huona pia safu za nguzo za chuma zilizochomekwa ardhini. Nazo hupoza, ingawa si kwa upepo wa ndani. Kila nguzo ni mrija uliozibwa wenye amonia. Kukiwa na baridi nje, amonia iliyo chini huchemka kwa joto dogo la ardhi, mvuke hupanda, hupoa juu, hugeuka maji na kuteremka tena. Marekani ilikuwa imekwisha kutumia mirija ya aina hiyo zaidi ya 120,000 katika nguzo za bomba la mafuta la Alaska, lililokamilika mwaka wa 1977.

Turudi Beaver Creek. Mwaka wa 2008 jimbo la Yukon na washirika wake walitenga kipande cha Barabara ya Alaska na kukigawa katika sehemu 12 za majaribio. Hapo upepo si wa kutegemewa kama ule wa Tibet, kwa hiyo mabomba yalilazwa kufuata urefu wa barabara na kutiwa dohani. Ni kanuni ya jiko la kuni: hewa iliyopata joto ndani ya tuta hupanda na kutokea kwenye dohani, nayo huvuta hewa ya baridi kutoka mdomo wa chini. Upepo usipovuma, tuta lajivutia pumzi lenyewe. Sehemu nyingine zilijengwa kwa mawe, nyingine zikafunikwa kwa kokoto nyeupe ili zisifyonze jua, nyingine zikajengewa vibanda mbavuni ili theluji ikae juu ya paa na hewa ya baridi ipite chini. Palikuwa na hata sehemu ambayo tiba yake ilikuwa kuifagia theluji tu. Katika mkoa wa Quebec nako, Chuo Kikuu cha Laval kilijaribu tabaka jembamba la plastiki lenye mifereji ndani yake, linalolazwa kwenye ubavu wa tuta kama mahali penye mawe hapapatikani.

Majaribio yameonyesha kwamba baadhi ya mbinu hizi hupoza kwelikweli. Kinachosumbua ni bei. Kutibu mita 50 za barabara ni jambo moja. Kutibu mamia ya kilomita katika jimbo lenye watu wachache wanaolipa kodi ni jambo jingine. Ndiyo maana idara nyingi za barabara huko zingali zikichagua kumwaga kifusi kila mwaka penye bonde, kwa kuwa kifusi cha mwaka huu kiko ndani ya bajeti na tuta lenye mabomba halimo.

Kwa wakazi hilo si suala la starehe ya safari. Kijiji cha Tuktoyaktuk, kwenye ufuo wa bahari ya Aktiki nchini Kanada, hakikuwa na barabara ya mwaka mzima hadi Novemba 2017, wakati njia ya kilomita 138 kutoka Inuvik ilipofunguliwa. Kabla ya hapo magari yalipita juu ya mto na bahari iliyoganda, na kipupwe kikiisha, bidhaa zilisubiri ndege au meli. Wajenzi wa njia hiyo walikatazwa kuchimba ardhi. Kifusi kilimwagwa moja kwa moja juu ya ardhi iliyoganda, wakati wa baridi, na uoto wake ukaachwa chini. Somo la 1942 halikupotea. Hata hivyo kifusi peke yake ni ile tiba ya zamani ya Tibet, na tuta hilo limeshaonyesha dalili za kubonyea.

Isitoshe, mabomba na mawe yana adui wake. Uwanda wa Tibet una mchanga unaopeperushwa na upepo, nao hujaza nafasi zilizo kati ya mawe mwaka baada ya mwaka hadi hewa ikakosa pa kupita. Bomba likibonyea katikati hukusanya maji, na maji yakiganda huliziba. Vilango vina sehemu zinazotembea, na kitu chochote kinachotembea nje penye baridi kali na vumbi hatimaye hukwama. Kilango kikikwama kimefungwa wakati wa kipupwe, tuta hupoteza upepo ulioletewa mabomba hayo.

Jaribio kubwa zaidi limekuwa barabara kuu ya Gonghe hadi Yushu, mkoani Qinghai, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Ni barabara pana ya lami nyeusi yenye njia za kwenda na za kurudi, na upana wenyewe ndio uliozua tatizo jipya. Katika tuta jembamba la reli, upepo unaopenya mbavuni hufika katikati ungali na baridi. Katika tuta pana, joto lililofyonzwa na lami hukusanyika katikati, mbali na mbavu zote mbili, mahali ambapo mawe yaliyofunika ubavu hayana msaada. Hapo mabomba yaliyokuwa yamewekwa kando wakati wa ujenzi wa reli yalirudi kuthaminiwa, maana bomba hupeleka baridi hadi kitovuni. Kwenye sehemu kadhaa wahandisi walichanganya mabomba na mawe katika tuta moja, na kwingine wakazitenganisha njia mbili za barabara kila moja iwe na tuta lake, ili upepo upite baina yake.

Wakati huohuo joto la hewa katika uwanda wa Tibet linaongezeka kwa kasi inayozidi wastani wa dunia, na kaskazini mwa Kanada hali ni hiyohiyo. Mbinu zote zilizoelezwa hapa hutegemea kipupwe. Zinakopa baridi ya majira moja na kuitumia katika majira mengine, na kipupwe kikipungua makali, kilichopo cha kukopa hupungua. Kwa ajili hiyo watafiti wa Lanzhou huacha vipima joto vimezikwa ndani ya matuta, vingine vikifika kina cha mita nyingi chini ya reli, na huvisoma mwaka baada ya mwaka kuona kama mstari wa nyuzi sufuri unapanda kuelekea kwenye tuta au unashuka. Katika sehemu nyingi zilizotandazwa mawe, mstari huo ulipanda hadi ndani ya tuta baada ya ujenzi, yaani barafu iliongezeka badala ya kupungua. Katika sehemu zilizo karibu na nyuzi sufuri mabadiliko yamekuwa ya polepole zaidi, na huko ndiko nguzo za amonia zilikoongezwa baada ya reli kuanza kutumika.